Kamera: ununue sasa au usubiri toleo jipya? Mambo ya kupima kabla pesa haijatoka

Msimu wa mahafali na harusi ukikaribia, swali moja hurudi kwenye magrupu ya WhatsApp ya wapiga picha: kamera hii ichukuliwe sasa, au isubiriwe ile mpya inayosemekana iko njiani?

Juujuu ni swali la teknolojia. Kwa kijana anayeishi kwa kupiga picha za sendofu, kipaimara na mikutano ya maofisini, ni swali la mtaji. Pesa yenyewe imetoka kwenye kikoba, imekopwa, au ni akiba ya mwaka mzima. Ikienda vibaya hakuna nyingine ya haraka.

Jibu fupi ni kwamba toleo jipya lipo njiani siku zote, kwa hiyo hilo peke yake si sababu ya kusubiri. Kinachoamua ni kazi zilizokwisha kupatikana, lenzi ambazo mtu anazo au ataweza kuzinunua, na bei inaelekea wapi. Wakati mwingine mambo hayo matatu yanasema "subiri". Mara nyingi hayasemi hivyo.

Kamera si simu

Watu wamezoea mwendo wa simu: kila mwaka toleo jipya, na la mwaka jana linaanza kuonekana la zamani. Kamera za kazi haziendi hivyo.

Canon 5D Mark II ilitangazwa Septemba 2008. Mark III ilikuja Machi 2012, na Mark IV Agosti 2016. Kati ya toleo na toleo ilipita miaka mitatu na nusu, kisha zaidi ya minne. Nikon Z6 ilitoka Agosti 2018, Z6 II Oktoba 2020, Z6 III Juni 2024. Kwa upande wa Sony, A7 III ilitangazwa Februari 2018 na A7 IV ikaja Oktoba 2021.

Hesabu hiyo inasaidia sana. Aliyeanza kuisubiri A7 IV mwanzoni mwa 2020, wakati A7 III imetimiza miaka miwili, alikaa miezi 20 mingine ndipo ikatangazwa. Miezi 20 kwa mtu anayepiga harusi ni misimu miwili mizima.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuangalia ni tarehe ambayo kamera inayotakiwa ilitangazwa. Inapatikana kwa sekunde chache mtandaoni. Kama haijafikisha miaka miwili, kusubiri mrithi wake ni kujichosha. Kama imepita mitatu, hapo ni busara kufuatilia habari kidogo kabla ya kulipa, kwa sababu mrithi akitoka huenda bei ya ile ya zamani ikalegea.

Tena kutangazwa si kufika. A7 IV ilitangazwa Oktoba 2021 lakini mauzo Marekani yalianza Desemba. Kwa maduka ya Kariakoo au katikati ya Nairobi, ongeza muda mwingine juu ya hapo. Mzigo wa kwanza kwa kawaida huletwa na wafanyabiashara wachache, wengi wao kupitia Dubai, na bei yake huwa ya juu kwa sababu hakuna wa kushindana nao.

Waliosubiri kisichokuja

Kuna kamera ambazo watu walizisubiri na hazikuwahi kuingia dukani. Mfano mzuri ni Nikon DL. Februari 2016 kampuni hiyo ilitangaza kamera tatu ndogo za jina hilo, na wengi wakashika pesa zao wakizingojea. Zikaahirishwa kwa sababu ya matatizo ya saketi ya kuchakata picha. Februari 2017, mwaka mmoja baadaye, Nikon ikatangaza kwamba imezifuta kabisa.

Wapo pia waliokuwa na 5D Mark IV wakasema watabadilisha ikitoka Mark V. Haikutoka. Canon ilihamia kwenye familia ya EOS R iliyoanza Septemba 2018, na kamera zake mpya za DSLR za mwisho ni za mwanzoni mwa 2020. Nikon vivyo hivyo: D780 na D6 zilitangazwa mwanzoni mwa 2020, na baada ya hapo hakuna DSLR mpya. Mtu anayesubiri DSLR mpya ya Canon au Nikon mwaka huu anasubiri basi ambalo njia yake imeshafutwa.

Hata kamera iliyokwisha kutoka inaweza kupotea. Sony ZV-E10, inayopendwa na watu wa YouTube, ilitangazwa Julai 2021. Desemba mwaka huohuo Sony ilisitisha kupokea oda zake nchini Japani kwa sababu ya uhaba wa vipuri vya kielektroniki ulioikumba dunia. Miaka mitano kabla ya hapo, Aprili 2016, tetemeko la ardhi la Kumamoto lilisimamisha kiwanda cha Sony kinachotengeneza sensa za picha, na kampuni nyingine zinazonunua sensa hizo nazo zikaguswa.

Halafu kuna kisa cha Fujifilm X100V. Ilitoka Februari 2020 kwa dola 1,399. Ikakaa dukani kimya kimya, hadi vijana wa TikTok walipoipenda, hasa kuanzia 2022. Ikaadimika. Iliyotumika ikawa inauzwa ghali kuliko bei ya mpya! Waliosema "tusubiri mrithi" walimpata Februari 2024, X100VI, kwa dola 1,599, na bado walipanga foleni ya miezi kwa sababu oda zilizidi uzalishaji.

Soko limekuwa dogo, na hilo linaeleza mengi. Kwa takwimu za CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, mwaka 2010 zilisafirishwa kamera za dijitali zaidi ya milioni 121. Mwaka 2023 zilikuwa chini ya milioni 8. Simu janja ndizo zilizokula soko hilo. Viwanda vinavyobaki vinatengeneza kamera chache, za bei ya juu zaidi, na havina haraka ya kujaza maghala.

Bei hushuka kweli?

Hushuka, lakini si kwa namna wengi wanavyofikiri. Kinachoshuka ni bei ya toleo linaloachwa, si ya toleo jipya. Nalo jipya mara nyingi huanza juu zaidi. A7 III ilianza kuuzwa Marekani kwa takribani dola 2,000, A7 IV kwa 2,500. Nikon Z6 II ilianza 2,000, Z6 III ikaanza 2,500. Canon iliacha bei ileile ya 2,500 kati ya R6 na R6 Mark II, na hiyo tayari ni nafuu.

Basi, mtu mwenye bajeti ya dola 2,000 aliyesubiri toleo jipya, siku lilipotoka alikuta limempita. Akarudi kununua lile la zamani ambalo angelinunua mwaka mmoja nyuma. Tofauti pekee ni kazi alizokosa katikati.

Njia yenye faida kwa wengi ni kugeuza mpango: kusubiri toleo jipya ili kununua la zamani. Wiki chache baada ya mrithi kutangazwa, wenye pesa huuza walizonazo ili waongezee, na soko la zilizotumika hujaa ghafla. Hapo ndipo mnunuzi mwenye pesa taslimu huwa na sauti.

Kuna jambo jingine ambalo mijadala ya kamera huliruka, nalo ni thamani ya shilingi. Kamera zinanunuliwa kwa dola. Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160 za Kenya, na miezi michache baadaye ikarudi kwenye 130 na ushee. Kwa kamera ya dola 1,000, hiyo ni tofauti ya karibu shilingi 30,000 za Kenya bila toleo lolote jipya kutoka. Juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara. Mnunuzi anayefuatilia uvumi wa kamera kila asubuhi lakini haangalii bei ya dola anatazama upande usio wake.

Mteja ataiona tofauti?

Hapa ndipo kwenye ukweli mchungu kidogo kwa wapenda vifaa. Picha ya 4 kwa 6, ile ya kawaida ya albamu, ikichapwa kwa ubora mzuri wa nukta 300 kwa inchi, inahitaji pikseli 1,200 kwa 1,800. Hiyo ni megapikseli 2 na kidogo. Ukurasa wa A4 unahitaji takribani megapikseli 9, na A3 kama 17. Picha ya Instagram yenye upana wa pikseli 1,080 na urefu wa 1,350 haifikishi hata megapikseli 2. Na picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, inabanwa tena.

Sasa, kamera ya megapikseli 24 ilikuwa jambo la kawaida tangu miaka ya 2012 hadi 2014. Nikon D750 ya 2014 ni ya megapikseli 24. Sony A6000 ya mwaka huohuo pia. Kwa studio ya paspoti, picha za bidhaa za dukani au albamu ya harusi, megapikseli si kigezo cha kusubiri chochote.

Lakini isichukuliwe kwamba kamera mpya hazina jipya. Zina, ila liko mahali pengine.

Fokasi ndiyo iliyobadilika kuliko vyote. Kamera za sasa zisizo na kioo ndani, zile ambazo wauzaji huziita mirolesi, zinalitambua jicho la mtu na kulifuata anapotembea. Bi harusi anaingia ukumbini anacheza, taa zinazunguka, moshi umejaa, na kamera haimpotezi. Kwa DSLR ya 2012, mpiga picha mzoefu anaweza kuipata picha hiyo, lakini atapoteza nyingine nyingi. Pili ni mwanga hafifu: kumbi za usiku zenye taa za rangi zinaonyesha haraka sana umri wa sensa. Tatu ni video. Anayepiga picha na video kwa kamera moja, na soko la sasa linataka hivyo, atafaidika na 4K, rangi nyingi zaidi za kuchezea wakati wa kuhariri, na kituliza mtikisiko kilichomo ndani ya kamera.

Kuchaji pia, ingawa linaonekana dogo. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 sheria ya Umoja wa Ulaya inadai kamera za dijitali zinazouzwa huko na zinazochajiwa kwa waya zitumie USB-C. Kwa sababu viwanda havitengenezi kamera tofauti kwa kila bara, matoleo mapya mengi yanakuja hivyo. Anayepiga kazi kijijini, umeme umekatika tangu asubuhi, anachajia kwenye pawabenki ileile ya simu.

Kwa muhtasari wa haki: kutoka kamera ya 2012 kwenda ya 2020 na kuendelea, tofauti ni kubwa na mpiga picha ataiona siku ya kwanza. Kutoka "Mark II" kwenda "Mark III" ya kamera hiyohiyo, mteja hataijua hata akiambiwa.

Mdomo wa lenzi ni muhimu kuliko jina la kamera

Kamera hubadilishwa. Lenzi hukaa. Mtu mwenye lenzi nne nzuri hawezi kuhama kampuni bila kuumia, ndiyo maana swali la "toleo gani" linapaswa kuja baada ya swali la "lenzi za aina gani".

Mahali lenzi inapofungwa kwenye kamera, mafundi huita maunti, ndipo penye hatari yenyewe. Canon ilianzisha maunti ya EF mwaka 1987 na lenzi zake zimejaa kila soko. RF ilikuja 2018. Katikati kulikuwa na EOS M, iliyoanza 2012 kwa kamera ndogo nzuri kama M50. Ya mwisho, M50 Mark II, ilitangazwa Oktoba 2020, na kufikia 2023 Canon ilikuwa imeachana na familia hiyo. M50 bado inapiga picha nzuri na bado inauzwa kama iliyotumika kwa bei ya kuvutia. Ila lenzi mpya kutoka Canon hakuna tena, na lenzi za M haziingii kwenye kamera za RF. Anayeinunua leo ajue ananunua kitu kilichokamilika, hakitakua.

Mwenye lenzi za EF yeye yuko salama. Kuna adapta ya Canon inayozifunga kwenye EOS R, na fokasi inafanya kazi vizuri. Hata 50mm f/1.8 ya bei ya chini, ambayo karibu kila anayeanza anayo, inahama naye.

Kwa Nikon pana mtego. Adapta yake ya FTZ inazifunga lenzi za zamani za F kwenye kamera za Z, lakini fokasi ya kujiendesha inafanya kazi kwa lenzi zenye mota yake ndani tu, zile za AF-S na jamaa zake. Lenzi za AF-D, kama 50mm f/1.8D inayopendwa kwa unafuu wake, zinabaki za kufokasi kwa mkono. Mwenye rundo la AF-D anayefikiri kuhamia Z anapaswa kulijua hilo kabla ya kuuza D750 yake.

Sony E ipo tangu 2010, na ina faida moja kubwa kwa wenye bajeti ndogo: Sigma, Tamron na wengine wanatengeneza lenzi nyingi za maunti hiyo. Canon kwa muda mrefu iliwabania wengine kwenye RF. Mwaka 2024 ndipo Sigma na Tamron walipotangaza lenzi za fokasi ya kujiendesha kwa leseni yake, tena kwa kamera za sensa ndogo ya APS-C.

Katika hali nyingi pesa ya kununua toleo jipya ingefanya kazi zaidi ikiwa lenzi. Kamera ya miaka sita yenye lenzi ya f/1.8 itaishinda kamera ya mwaka huu yenye lenzi ya kitini ya f/3.5-5.6 kwenye ukumbi wa giza. Si kwa kubahatisha, f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara nne ya f/3.5.

Kuwa wa kwanza kuna gharama yake

Anayesubiri toleo jipya kwa kawaida anataka kulinunua siku za mwanzo. Siku hizo ndizo zenye kasoro. Nikon D600 ya Septemba 2012 ilijulikana kwa madoa kwenye sensa. D610 ilifuata mwaka mmoja tu baadaye, na 2014 Nikon ikatoa huduma ya bure kwa walioathirika. Canon R5 ya Julai 2020 ilisifiwa kwa video ya 8K, lakini ikawa inapata joto na kusimamisha kurekodi. Canon ikatoa sasisho mwezi uliofuata, mambo yakawa nafuu kiasi. Kwa mtu aliye karibu na kituo cha huduma, hayo ni usumbufu. Kwa aliye Mbeya au Kisumu, kamera kusafirishwa nje ni miezi bila kazi.

Upande wa pili, kamera iliyokwisha nunuliwa inaweza kuwa bora kwa bure. Aprili 2019 Sony ilitoa sasisho la A7 III lililoifundisha kutambua macho ya wanyama, mwaka mmoja baada ya kuuzwa. Mwezi uliofuata Nikon ikaziongezea Z6 na Z7 uwezo wa kufokasi kwenye jicho. Wengi wenye kamera hizo hawajawahi kuzisasisha, na wanazilalamikia kwa jambo lililokwisha kurekebishwa.

Hesabu ya kazi na kalenda

Mwezi wa kununua una uzito kuliko mwaka wa toleo. Mahafali ya kidato cha nne hufanyika zaidi Septemba na Oktoba kabla ya mitihani, ya vyuo vikuu vingi Novemba na Desemba, na Desemba yenyewe imejaa harusi kwa sababu ndugu wamerudi nyumbani. Kwaresma na Ramadhani harusi hupungua sana. Mwaka 2025 na 2026 vipindi hivyo viwili vimeangukia karibu pamoja, kati ya Februari na Aprili.

Kamera iliyonunuliwa Agosti inajilipa kabla ya mwaka kuisha. Iliyonunuliwa Januari kwa mkopo inaanza kudai marejesho wakati kazi zimelala.

Mfano wa hesabu, na si bei ya soko: kamera ni shilingi 3,000,000. Mpiga picha hana yake, anakodi kwa 60,000 kila kazi, na anapata kazi nne kwa mwezi. Kukodi kunameza 240,000 kwa mwezi. Akisubiri miezi sita, imeondoka 1,440,000, karibu nusu ya bei ya kamera. Ili kusubiri kumlipe, bei ingepaswa kushuka zaidi ya hapo, na kushuka kwa namna hiyo ndani ya nusu mwaka ni nadra mno.

Namba hizo zinageuka kabisa kwa mwenye kamera yake inayofanya kazi. Yeye hakodi. Kusubiri hakumgharimu kitu, na kama toleo jipya limeshatangazwa na tarehe yake ya mauzo inajulikana, asubiri tu bila wasiwasi. Asubiri pia ambaye pesa yake ni ya mkopo wa simu wenye riba ya wiki, na ambaye kazi ya uhakika bado hana. Wa mwisho huyu, kama anaanza kujifunza, simu aliyonayo inamtosha kujua mwanga na mpangilio wa picha kwa miezi kadhaa.

Ikiamuliwa kununua iliyotumika

Kwa kuwa toleo la zamani ndilo wengi wataishia nalo, ukaguzi wake usiwe wa dakika mbili kaunta.

Shata ina umri. Canon 5D Mark III na Mark IV zimepimwa na kampuni kwa takribani mipigo 150,000, Nikon D850 kwa 200,000. Si kwamba ikifika hapo inakufa, ila bei inapaswa kuonyesha imebakiza nini. Kwa Nikon, idadi ya mipigo imeandikwa ndani ya faili la picha lenyewe: inapigwa picha moja, inahamishiwa kwenye simu, na programu ya kusoma taarifa za picha inaionyesha. Canon nyingi haziandiki hivyo, zinahitaji kuunganishwa na kompyuta, kwa hiyo neno la muuzaji kwamba "haijapiga hata elfu kumi" lisichukuliwe hivihivi.

Sensa inapimwa kwa kupiga ukuta mweupe au anga kwa f/16 na kukuza picha. Vumbi na mikwaruzo itaonekana kama madoa. Kisha inapigwa picha nyingine lenzi ikiwa imefunikwa, kutafuta vidoti vya rangi visivyofutika.

Kwa Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa, adui mkubwa ni kuvu kwenye lenzi. Unyevu wa pwani unazikuza taratibu ndani ya begi lililofungwa. Tochi ya simu imulike upande mmoja wa lenzi, jicho litazame upande wa pili: nyuzi nyembamba kama utando wa buibui zikionekana, lenzi hiyo iachwe hata kama bei inashawishi, maana kuisafisha si kazi ya kila fundi na kuvu zikishakula kioo alama haiondoki.

Betri iangaliwe kama ni halisi. Mlango wa memori kadi ufungwe na kufunguliwa, flashi ijaribiwe juu ya kamera, waya wa HDMI uchomekwe kama kazi ni ya video.

Mwisho ni karatasi. Namba ya siri iliyo chini ya kamera ilingane na ya kwenye boksi, na risiti ya mashine ya EFD kwa Tanzania au ya eTIMS kwa Kenya idaiwe dukani. Kwa muuzaji binafsi, nakala ya kitambulisho na maandishi ya mauziano yenye namba hiyo. Waranti nayo iulizwe ni ya nani: ya kampuni, au ya duka? Kamera iliyoletwa kutoka Dubai mara nyingi ina waranti ya duka tu, na duka likihama mtaa, waranti imehama nalo.